Taa ya Pili

"Bado... bado... hapo. Hapo, Lyle! Simama hapo hapo, mwanamume wewe!"

Lyle hakumsikia. Angemsikiaje? Injini ilikuwa inanguruma kama trekta lililokwama matopeni, na kofia ngumu ilikuwa imemziba masikio. Gari la rangi ya haradali likajivuta mbele tena, kiasi cha upana wa kiganja tu, na kwenye mti wa taa uliosimama kati ya njia mbili, taa ndogo ya juu kabisa ikazimika.

Verna akafumba macho. Hakuwa na haja ya kutazama yaliyobaki. Taa tatu za njano zingeshuka moja baada ya nyingine, Lyle angeachia breki kama alivyoiachia kwa miaka thelathini na moja, na chini kabisa ya mti ingewaka nyekundu.

Ikawaka nyekundu.

"Ya sita msimu huu," alisema Mzee Harlan, mwanzishaji wa mbio, bila kumgeukia. Alikuwa mtu mrefu mwenye masharubu meupe, amesimama na kitufe chake mkononi kama mtu aliyeshika yai. "Pole, Verna. Kama ni mashine, ningekwambia. Si mashine."

"Najua si mashine," alisema Verna.

Uwanja wa Sugar Fork umezungukwa na mahindi pande tatu, na upande wa nne ni reli. Njia zake mbili, ambako magari hushindana mawili mawili, zimenyooka robo maili, nyeusi kwa raba ya miaka mingi. Mahali pa kuanzia pamekatwa na miale miwili isiyoonekana. Gurudumu la mbele likikata mwale wa kwanza, taa ya juu inawaka: umekaribia. Likikata wa pili, inawaka iliyo chini yake: umefika, tulia. Kati ya mwale na mwale ni inchi saba, na ndani ya inchi hizo watu wazima wamegombana, wamesusiana, na mmoja amewahi kutupa kofia yake hadi kwenye mahindi. Kwa maana anayetulia mara tu taa ya pili inapowaka hupata nafasi ya kuchukua mwendo kidogo kabla saa haijaanza kumhesabia. Anayezidi kujisogeza, hadi gurudumu likaupita mwale wa kwanza na taa ya juu ikazimika, amejinyima mwendo huo, tena amekaa mlangoni pa taa nyekundu. Akipumua tu, ameshatoka kabla ya kijani na kushindwa. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, na ni ujanja wao. Lyle Ostrander, mume wa Verna, hakuwa mmoja wao. Lyle alikuwa wa kugusa na kutulia. Zamani walimwita Unyoya.

Kazi ya Verna katika miaka hiyo yote ilikuwa moja. Lyle akishayazungusha matairi papo hapo hadi yaungue na moshi upae, ili yashike lami, Verna alitembea mbele ya gari, akamwonyesha kwa mikono kushoto, kulia, nyooka, kisha akajitoa pembeni na kutazama taa. Aliijua miale ile kwa nje kama mtu anavyomjua jirani yake kwa sauti za ukutani. Na tangu Pasaka alikuwa anaona taa ya juu ikizimika, mara moja, mara mbili, hata leo, Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Alikuwa amekaa kimya, kwa sababu si jambo dogo kumwambia mwanamume wa miaka sitini na sita kwamba hafiki anapodhani amefika.

Alimkuta amekaa kwenye kiti cha turubai kando ya gari, anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa. Alikuwa amekifuta asubuhi. Alikuwa amekifuta jana pia.

"Umeona?" alifoka Lyle. "Umeona mitambo yao ilivyonifanyia tena? Halafu gari lenyewe limechoka. Sekunde kumi na mbili nukta nne nne! Mwaka juzi lilikuwa linakwenda nukta tatu tatu huku limesinzia."

"Nimeona."

"Basi. Nilisema Jumanne, nikasema mbele ya mahindi ya kuchemsha na Mungu anasikia: nyekundu moja tena, namuuzia gari hili yule jamaa wa mjini Kokomo. Yule pale. Amekuja na trela tupu."

Jamaa wa Kokomo alikuwa kwenye uzio, anakula mkate wenye pande la nyama ya nguruwe lililouzidi mkate kila upande. Aliinua mkono wenye mkate kuwasalimu.

"Hii ilikuwa ya majaribio," Verna alisema. "Ya majaribio haihesabiki. Mbio zenyewe zinaanza saa saba."

"Nyekundu ni nyekundu."

"Lyle, uliona taa ngapi kabla hujasimama?"

"Zote."

"Zote ngapi?"

Lyle aligeuza kichwa. Alikuwa anatazama mtu anayekuja kutoka upande wa jua, amebeba sanduku la barafu begani. Uso wake ukachangamka, maana alikuwa amepata pa kukimbilia. "Kip!" alipiga kelele. "Kip Lattimore, mjinga wewe! Njoo unywe kahawa nikufundishe kuendesha!"

Mtu yule akasimama. Akaweka sanduku chini polepole. Alikuwa mke wa mchungaji.

"Asante, Bwana Ostrander," alisema. "Kahawa sinywi. Lakini masomo nayahitaji, hata mume wangu anasema hivyo."

Alipokwisha kupita, Verna alikuwa ameng'ata kiganja chake ili asicheke, na machozi yalikuwa yanamtoka. Lyle alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Kisha naye mabega yakaanza kumcheza, na wote wawili wakacheka mpaka kiti cha turubai kikalia.

"Macho yangu hayana shida," alisema Lyle alipopata pumzi. "Yamekuwa na adabu tu. Hayakodolei kila kitu."

"Lyle."

"Ni jua likiwa pale," akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ni kama mtu amepaka siagi kwenye kioo. Nafuta, nafuta. Naona mwanga juu ya mti. Kama ni taa moja au mbili, sijui. Basi nasogea kidogo kuhakikisha."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Labda Krismasi."

"Na barabarani?"

"Barabarani unaendesha wewe. Hukugundua kwamba sijakuomba funguo tangu theluji iyeyuke?"

Alikuwa amegundua. Alikuwa amedhani ni mapenzi.

Verna akanyoosha mkono. "Nipe kofia."

"Ya nini?"

"Jaribio la pili ni saa nne na nusu. Nitalipeleka mimi. Nikipata muda kama wako, gari limechoka kweli, na huyo wa Kokomo alibebe, nami nitamfungia sandwichi za njiani. Nikipata muda mwingine, tutazungumza."

"Hujawahi kuliweka hili gari mbele ya taa hata siku moja."

"Na wewe hujawahi kuliweka basi mbele ya mbwa wa akina Yoder."

Lyle akamkabidhi kofia, kwa maana alimjua mbwa huyo.

Verna alikuwa dereva wa basi la shule, basi namba kumi na nne, mwaka wa ishirini na saba sasa. Kila siku ya shule saa kumi na mbili asubuhi alikuwa barabarani, na kabla kengele haijalia alikuwa amesimama mbele ya mageti arobaini na moja. Basi lina urefu wa futi arobaini, lakini mlango wake hauna budi kufunguka pale pale mtoto aliposimama. Si kwenye dimbwi, si kwenye barafu, si mbele ya mbwa. Kwenye reli sheria inataka usimame, ufungue mlango, usikilize kama treni inakuja. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefanya kazi hiyo mara nyingi kuliko alivyosema "habari za asubuhi". Haukukanyaga breki. Uliibembeleza.

Saa nne na nusu alikuwa ndani ya gari walilolipa jina Haradali, mikanda imembana kifuani, na mbele yake mumewe akimwonyesha njia kwa mikono. Alimwonyesha vibaya. Alipunga kama mtu anayemrudisha ng'ombe zizini, na alipotaka kumwambia aende kushoto alisogea yeye mwenyewe kushoto. Verna akajipanga kwa kutazama raba nyeusi barabarani, akamwinulia kidole gumba, na Lyle akajitoa pembeni kwa fahari.

Ndani mambo yalikuwa mengine kabisa. Gurudumu halionekani ukiwa ndani, mwale ndio kabisa. Una mti wa taa, una mguu, basi. Lyle alikuwa amemwelekeza ashike breki kwa mguu wa kushoto, wa kulia ungoje kwenye mafuta. Mguu wa kushoto wa Verna haukuwa na elimu. Gari likaruka, likasita, likaruka. Nyuma ya uzio mtu akacheka.

"Haya, tulieni watoto," alisema Verna, kama alivyosema kila asubuhi kwa watu hamsini na wawili wanaorushiana maganda ya machungwa.

Akauondoa wa kushoto, akaupa wa kulia kazi yake. Gari likaanza kutambaa lenyewe, polepole, kama basi linalokaribia geti lenye utelezi. Taa ya juu ikawaka. Akapumua. Akaiachia breki unene wa sarafu, kisha nusu ya unene huo. Taa ya pili ikatetemeka, ikajifikiria, ikawaka. Mguu ukafunga. Zote mbili zikakaa zinamtazama, kama macho ya paka kwenye ghala. Akaupandisha mguu wa kushoto kwenye breki taratibu kabla hajautoa wa kulia, na gari halikujongea hata chembe.

Taa tatu zikashuka. Alingoja kijani, akakiona, akakishangaa, ndipo akatoka. Alikuwa amechelewa kiasi cha mtu kufunga kamba za viatu. Hakujali; saa huhesabu tangu gurudumu linapotoka, si tangu kijani kinapowaka. Robo maili ile ilipita chini yake kwa kelele na furaha ambayo hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ipo. Miaka thelathini na moja, aliwaza, na huyu mzee hakunidokeza hata kidogo!

Kwenye kibanda cha njia ya kurudia, Bi. Twila, anayegawa karatasi za muda, alimpa ya kwake kupitia dirishani. Verna aliisoma mara moja, akaikunja, akaendesha hadi alipokuwa Lyle. Akamkabidhi.

Lyle akaishika mbali, kadiri mkono ulivyofika. Akaileta puani. Akaisogeza tena mbali.

"Kutoka umetoka kama bibi harusi asiyempenda bwana," alisema.

"Endelea kusoma."

"Kumi na mbili..." Akafuta miwani kwa fulana. "Hii ni tatu au nane?"

"Tatu. Nukta tatu nne."

Pungufu kwa sehemu kumi kamili kati ya mia za sekunde. Katika mchezo ule, hiyo ni milele. Lyle alizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti ambayo bado ilikuwa inachoma, na akakiacha pale muda mrefu kuliko mtu mwenye akili angekiacha.

"Kumbe hukuchoka," aliliambia gari. "Kumbe ni mimi niliyekuwa nakunyima mwendo."

Kisha akaondoka, mabega mbele, kuelekea dirisha la kuandikishia. Verna akamtazama akigonga kiti cha mtu, akiomba radhi kwa kiti. Aliporudi alikuwa na utepe mpana mweupe na kalamu nene. Akabandika utepe juu ya jina lake lililopakwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu, na akaandika VERNA kwa herufi zilizopanda kilima.

"Nimebadilisha jina kwenye orodha," alisema. "Sasa sikiliza. Usingoje kijani. Kijani ni habari ya jana. Njano ya tatu ikianza kufikiria kuwaka, wewe toka."

"Na nikitoka mapema?"

"Ni nyekundu." Akakohoa. "Na neno langu liko pale pale, Verna. Nyekundu moja tena kutoka gari hili, trela la Kokomo halirudi tupu. Nilishatoa neno."

"Neno lako au kiburi chako?"

"Nyumba yao ni moja," alisema Lyle.

Mbio za Sugar Fork si za kumtafuta mwenye gari kali. Kila dereva huandika kwenye kioo muda ambao anaahidi gari lake litatumia, na mwenye gari la polepole huachiwa mapema kwa tofauti hiyo. Ukichelewa kutoka, umeumia. Ukienda haraka kuliko ulivyoahidi, umevunja neno, nawe umeumia. Lyle aliandika 12.34 kwenye kioo kwa rangi ya viatu, akarudi nyuma kuitazama, akaomba Verna amhakikishie kwamba nambari imenyooka.

Raundi ya kwanza Verna alikutana na muuza matairi wa mji wa Muncie, ambaye alitoka mapema, akajiwashia nyekundu yeye mwenyewe. Verna alitelemka njia akiwa peke yake kama malkia kwenye maandamano. Raundi ya pili alianza kuielewa ile njano ya tatu. Ya tatu alitoka vizuri kiasi kwamba Mzee Harlan, ambaye hawapendelei watu, alijikuna sharubu na kutikisa kichwa. Na kila mara, kabla ya hayo yote, mguu wake ulifanya jambo lile lile: taa ya juu, pumzi, unene wa sarafu, taa ya pili, funga. Jamaa wa Kokomo alikuwa ameanza uzioni. Sasa alikuwa amehamia benchi la kwanza, na mkate wa pili ulikuwa unapoa mapajani.

Saa kumi na moja walibaki wawili. Mwingine alikuwa Kip Lattimore.

Kip alikuwa na miaka thelathini na mbili, shamba la soya, gari jekundu la sekunde kumi na moja, na mdomo. Alikuja hadi kwenye Haradali huku amechomeka vidole mkandani.

"Bi. Verna! Nasikia leo umekuja bila yale mataa ya basi ya kunisimamisha."

"Na wewe Kip, viatu vyako umeviona?"

Watu wakaangua kicheko, maana kila mtu alijua. Kip alikuwa mtoto wa basi namba kumi na nne, geti la mwisho la barabara ya mashariki, na kwa miaka minane hakuwahi kuwa tayari. Asubuhi moja aliamua kumpima dereva. Alijificha nyuma ya ghala na kuchungulia, aone kama basi litapiga honi au litaondoka. Verna alizima injini, akatoa tofaa, akalila lote hadi kwenye mbegu. Kip alitoka mwenyewe, kiatu kimoja mkononi.

Alipokua, tabia ile aliigeuza kuwa silaha. Akifika mstarini, aliwasha taa ya juu, akakaa. Mpinzani wake angechoka kungoja, angeingia kwenye taa ya pili, na hapo angebaki, mguu unatetemeka kwenye breki, injini inadai, mawazo yanatangatanga. Kip angejipenyeza wakati ambao mwenzake ameanza kufikiria chakula cha jioni. Alikuwa ameshinda hivyo mara tatu msimu huu, mara moja dhidi ya Lyle.

"Usiingie wewe kwanza," Lyle alimwambia Verna akimfunga mkanda. Mikono yake ilijua kila kifungo bila kutazama. "Akikaa, kaa."

"Unanifundisha mimi kumngoja Kip?"

Lyle akatabasamu. Hakuondoka. "Jumatatu nitampigia daktari wa macho," alisema. "Mke wa mchungaji anasema baba yake alitolewa yale mawingu machoni kabla ya chakula cha mchana, na jioni akawa anasoma gazeti."

"Na ukishaona vizuri, nani atakaa kwenye kiti hiki?"

"Hapo ndipo tutakapogombana," alisema Lyle, akaufunga mlango.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa mahindi, na njia ilikuwa inameta. Matairi yalichomwa, moshi ukapita. Lyle akapunga mikono yake ya ng'ombe. Magari mawili yakatambaa. Taa ya juu ya kushoto ikawaka. Ya kulia ikawaka.

Yakasimama.

Kip hakusogea. Verna hakusogea. Dakika haikuwa imetimia, lakini mbele ya mti wa taa dakika ina miguu ya kobe. Mzee Harlan alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akaonyesha kwa vidole viwili: ingieni. Hakuna aliyeingia. Kwenye mabenchi mtu akaanza kupiga makofi polepole, wengine wakapokea. Ilikuwa rahisi mno kuachia mguu, kuiwasha tu ile taa, kumaliza. Akawaza trela tupu. Akawaza utepe mweupe mlangoni na herufi zake za kilima. Akageuza kichwa, na kupitia madirisha mawili akakutana na macho ya Kip, ambayo yalikuwa ni yale yale ya nyuma ya ghala.

Hapo hofu ikamtoka. Akaingiza vidole viwili mfukoni, akatoa peremende ya mnanaa, aina anayowapa watoto wanaotapika kwenye kona. Akaimenya karatasi yake bila haraka, akaitupia mdomoni.

Uwanja ulilipuka. Kip aliona. Akapiga usukani kwa kiganja, kichwa kikaanguka nyuma kwa kicheko, na akiwa bado anacheka akaachia breki. Taa yake ya pili ikawaka, na gari jekundu, kwa kuwa mwenyewe hakuwa ametulia, likazidi kwenda. Taa yake ya juu ikazimika.

Ndipo Verna akaingia. Unene wa sarafu. Nusu ya unene huo. Taa ya pili ikawaka, mguu ukafunga, na akaisikia peremende ikigonga jino.

Mzee Harlan akabonyeza.

Njano. Njano. Ya tatu ikaanza kufikiria, na Haradali ikaruka. Chini ya mti pakawaka kijani, lakini yeye alikuwa ameshaipita hiyo habari ya jana. Alikwenda peke yake sekunde nzima na kitu, kisha akaisikia sauti ya Kip ikizaliwa nyuma, ikikua, ikija kama treni. Hakutazama. Dereva wa basi hatazami nyuma kwa kugeuza shingo. Gia ya mwisho ikashika, mahindi yakawa ukuta wa kijani, na pua nyekundu ikatokea kwenye kona ya jicho lake la kushoto, ikakaa hapo, ikapanda kidogo, ikapanda, na mstari wa mwisho ukawapita wote wawili chini ya matumbo.

Nani? Hakujua. Taa za ushindi ziko ukutani, na Verna alikuwa anatazama breki.

Kip alimpita kwenye kona ya kutokea, dirisha liko chini. "Darasa la tatu ulinifanyia hivi hivi!" alipiga kelele.

"Na ukachelewa hesabu!" alijibu Verna, na bado hakujua.

Bi. Twila alikuwa amesimama nje ya kibanda chake, jambo ambalo hufanya kwa nadra kwa sababu ya magoti. Karatasi ilikuwa inapepea mkononi mwake.

"Nukta tatu tano, mama, na uliahidi tatu nne. Huwezi kushona karibu zaidi ya hapo," alisema. "Yeye aliahidi kumi na moja nukta mbili sifuri, akaenda nukta mbili saba. Alijimaliza palepale mwanzoni, kwa kujisogeza kupita kiasi. Umempiga kwa urefu wa boneti."

Verna alishika karatasi kwa mikono miwili. Alitaka kusema neno, lakini lililotoka lilikuwa harufu ya mnanaa.

"Na yule jamaa wa Kokomo amepita hapa akiuliza njia ya kutokea," aliongeza Bi. Twila. "Nimemwonyesha. Trela lilikuwa linarukaruka kama kopo tupu. Nenda, nenda, mumeo atakuwa anatafuna kofia yake kwa wasiwasi."

Njia ya kurudia ni nyembamba, ya kokoto, imebanwa kati ya uzio na mahindi. Verna aliifuata polepole, kofia ngumu iko kitini pembeni, upepo unamkausha nywele. Katikati ya njia akalazimika kusimama. Ndege mmoja wa miguu mirefu, mwenye mikufu miwili myeusi kifuani, alikuwa anavuka, na nyuma yake makinda manne madogo kama vipira vya pamba juu ya njiti. Mama yao alipoliona gari akajitupa chini, akaburuta bawa kana kwamba limevunjika, akilia, akitaka lile jitu la haradali limfuate yeye.

"Sikufuati, bibi," Verna alimwambia. "Vusha wanao."

Mbele, mahali kokoto zinapokutana na lami, aliweza kumwona Lyle. Alikuwa ametoka peke yake kumpokea, amekinga jua kwa kiganja. Gari jekundu la Kip lilipomkaribia, Lyle alivua kofia, akaipunga juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, akarukaruka kama mtu mwenye magoti ya miaka ishirini. Kip akapiga honi kwa heshima na kupita. Lyle akabaki ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza. Kisha likaja gari la maji la uwanja kutoka upande wa lami, naye akalipungia hilo pia, kwa furaha ile ile.

Verna angeweza kupiga honi, Lyle ajue gari lipi ni lake. Makinda matatu yalikuwa yameshaingia kwenye majani. La nne lilikuwa limesimama katikati ya njia, linaitazama kokoto moja. Akaacha mguu wake juu ya breki, akangoja.